Taa Iliyowaka Chini ya Dua

Alhamisi, alasiri inayoelekea magharibi. Joto la kubana kifua. Ng'ambo ya ziwa milima ya Congo imefunikwa na wingu jeusi tangu asubuhi, na wingu lenyewe haliji wala haliondoki.

Mikono yangu inanuka mazutu, dizeli yetu ya huku, hata baada ya kuiosha mara tatu, na moyo wangu hauko mahali pake.

Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia binti yangu Zuhura mwaka jana. Alisema, baba, wewe unaongea sana ukiwa peke yako, heri uandike. Basi nikaanza kuandika, mimi niliyeishia darasa la sita. Leo namwandikia kila mtu isipokuwa yeye, kwa sababu keshokutwa Jumamosi anaolewa Gitega, na mimi ndiye nitakayempeleka kwa minibasi yangu. Yeye, mama yake, mama yangu mzazi, mashangazi na majirani, watu kumi na wanne. Asubuhi tunapanda mlima wa Bugarama. Jioni tunateremka bila yeye.

Anayeujua mlima ule hana haja nimweleze. Ni kona juu ya kona, na ukungu umekaa katikati ya barabara kana kwamba ndio mwenye nyumba. Malori yanakohoa, na watu wa baiskeli wanateremka na mikungu ya ndizi kwa kasi ya kutisha. Kushoto jiwe, kulia hewa tupu. Nimeupanda miaka kumi na moja na minibasi hii na sikuwahi kuuogopa.

Wiki hii nimeuogopa kwa mkupuo, hofu ya miaka yote ile.

Ilianza Jumatatu. Nilikuwa nimeegesha gari juani hapa kwetu Buyenzi, na nilipofungua mlango joto likanipiga usoni kama la tanuri. Nikaona stika yangu ya dua ya safari imebanduka, imeanguka karibu na pedali. Stika hiyo niliibandika mwenyewe miaka minne iliyopita, kwa mkono wa kulia, nikisema bismillahi. Niliiweka kwenye kona ya kioo kile cha mbele ya dereva chenye saa ya mwendo na saa ya mafuta, chini kulia. Nilichagua kona ile kwa sababu niliona haina kazi.

Nikawasha gari. Kwenye kona isiyo na kazi kulikuwa na taa ndogo, ya rangi ya chungwa.

Ilikuwa inawaka chini ya dua.

Tangu lini, sijui. Labda mwezi, labda miaka mitatu. Nimepeleka maiti kwa gari hili, nimepeleka maharusi, nimewapeleka akina mama wa kwaya ya kanisa la jirani mpaka Muramvya wakiimba njia nzima. Na muda wote huo taa inawaka kimya kimya, na mimi juu yake nimeweka jina la Mwenyezi Mungu nikidhani nimejikinga.

Taa hiyo nilikuwa nimewahi kuiona mara moja tu, miaka minane iliyopita. Wakati ule mdogo wangu Saidi alikuwa fundi katika garaji moja hapa Buyenzi, na yeye ndiye aliyenieleza maana yake. Ndani ya injini kuna mkanda wa mpira wenye meno. Sisi huku tunauita kuruwa ya distribisyo. Kazi yake ni kuishika sehemu ya chini ya injini na sehemu ya juu ziende kwa zamu, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, mmoja akipandisha mchi mwenzake anashusha. Mkanda ukikatika, michi inagongana. Pistoni zinazipiga supapi, vyuma vinapinda, injini inazima palepale. Ukiwa sokoni umepata hasara. Ukiwa unateremka Bugarama, breki inakubali mara mbili tatu kisha inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani unakuwa mzito mikononi mwako.

Kwa gari kama langu, la mazutu, taa ile huwaka kila likimaliza kilomita laki moja, kukukumbusha ubadilishe mkanda kabla haujakukumbusha wenyewe.

Basi miaka minane iliyopita nilimwachia Saidi gari, na kesho yake akanirudishia. Taa imezimika. Akanipa na mkanda wa zamani, ameufunga kwenye gazeti. Hiyo ndiyo desturi ya Buyenzi. Fundi akibadilisha kipuri anakupa kile kilichotoka, ukishike mkononi. Usipopewa, unauliza. Ukipewa, unanyamaza. Ndiyo risiti yetu. Nikaupeleka nyumbani, na Mama Zuhura, ambaye hatupi kitu, akaufanya komeo la banda la kuku. Unavuta, unaupachika kwenye kijiti, kuku hawatoki. Miaka minane umefanya kazi hiyo.

Kwa hiyo Jumatatu sikuogopa sana. Nilijiambia, ni mara ya pili sasa, muda umefika, tutabadilisha.

Jumanne nikaenda kwa Fundi Hamisi. Ni mzee wa garaji, hawezi tena kuinama, ila masikio yake yanaisikia injini kama daktari anavyosikia kifua. Akaweka kichwa dirishani, akaitazama taa.

"Baba Zuhura, hii taa imewaka tangu lini?"

"Sijui, fundi. Ilikuwa chini ya stika."

"Stika gani?"

"Ya dua."

Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. "We mutu wa dini! Mungu anakuwashia taa akuokoe, we unamufunika na jina lake!" Akawaita na wenzake waje waone. Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao, maana ni kweli kabisa.

Nilicheka mpaka Jumatano.

Aliniuliza nilibadilisha lini. Nikamwambia miaka minane. Akaacha kucheka kidogo. Akasema nilikuwa nimechelewa hata bila taa, kwa sababu mkanda hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu na miaka. Ikifika mitano, sita, mwisho saba, unatoa hata kama gari halijatembea. Nikajitetea kwamba gari langu halijatembea sana, si unajua haya mambo ya mazutu, wiki mbili tumepanga foleni, wiki ya tatu tumelala kwenye foleni. Akatikisa kichwa.

"Gari ndiyo inapumzika. Mupira haupumziki. Unakauka pale pale, na hili joto letu."

Nikamwambia, mkanda wa zamani ninao nyumbani. Akafurahi. Akasema niulete kesho, twende nao dukani tununue kwa kulinganisha, kwa sababu hafungui injini kabla kipuri hakijawa mkononi. Gari likiwa limefunguliwa, muuzaji anajua umeshikwa shingo, na bei inapanda palepale unapomwambia salamu aleikum.

Jumatano asubuhi nikauchomoa mkanda kwenye banda la kuku. Nilisahau kuweka kitu kingine. Kuku wakatoka wote, jogoo akaruka ukuta. Mama Zuhura alinifuata mpaka barabarani na mwiko mkononi.

"Wiki ya harusi, Baba Zuhura! Wiki ya harusi ndiyo unanifungulia kuku! Huyo jogoo ni wa wakwe!"

Nikakimbia na mkanda wangu begani nikicheka. Nakumbuka nilikuwa nacheka.

Dukani, muuzaji akatoa boksi, akautandaza mkanda mpya wa injini yangu juu ya meza. Mzee Hamisi akautandaza wa kwangu juu yake. Wa kwangu ukazidi. Si kidogo, urefu wa kiganja kizima. Nikasema muuzaji amekosea boksi. Muuzaji akasoma namba, akasema hajakosea. Mzee akachukua chaki, akaweka alama kwenye jino moja, akaanza kuhesabu meno kwa kidole, polepole, midomo inacheza kama mtu anayevuta tasbihi. Akamaliza. Akahesabu tena. Kisha akaugeuza mkanda wangu, akaufuta mgongoni kwa mate, akasoma namba iliyobaki.

"Hii ni ya gari ndogo ya benzini," akasema. "Haijawahi kukaa kwa gari yako hata siku moja."

Nikamwambia labda Saidi alichanganya mikanda pale garaji, siku ile kulikuwa na kazi nyingi.  Mzee alilipokea boksi jipya, akalishika chini ya kwapa.

"Twende tufungue," akasema. "Tusiseme kitu kabla ya kuona."

Injini ya minibasi yangu iko chini ya viti vya mbele. Unanyanyua kiti cha abiria anayekaa pembeni ya dereva, na injini ndiyo hiyo, inakutazama. Pale ndipo mama yangu hukaa kila tunaposafiri, kwa sababu ya miguu yake. Wakanyanyua kiti cha mama. Wakatoa feni, wakatoa mikanda ya nje, wakafungua kifuniko cha plastiki.

Ulikuwa mkanda ambao gari lilitoka nao Japani. Alama za kiwandani bado ziko mgongoni, za rangi nyeupe iliyofifia. Haukuwahi kuguswa. Mzee akanishika mkono, akauweka kidole changu juu yake, kama unavyomwekea kipofu. Nikasikia nyufa. Nikasikia nyuzi zimechomoza pembeni kama mkeka wa kizamani. Akauzungusha kidogo, akanionyesha jino moja limeliwa nusu, na la pili yake limelegea, ukilisukuma linatikisika kama jino la mtoto.

Hakuna aliyecheka safari hii.

Nikauliza, na taa ile ilizimika vipi? Mzee akasema kuzima taa ni kazi ya bisibisi. Nyuma ya zile saa kuna skrubu ndogo, unaitoa tundu hili unaipeleka tundu lile, taa inalala, na gari linaanza kuhesabu laki nyingine. Taa haijui kama umebadilisha mkanda. Inajua tu kama umeigusa.

Laki mbili, kwa hiyo. Na zaidi, chini ya dua yangu.

Nilikaa juu ya tairi. Nikawakumbuka watu mmoja mmoja, na mahali walipokuwa wamekaa. Sikuweza kuwamaliza.

Nitaandika hapa aliyonifundisha mzee, kwa sababu najua wanaosoma ukurasa huu wengi wana gari kukuu kama langu na mfuko kama wangu. Mkanda usinunue wa okazyoni, uliotoka kwenye injini iliyokufa, hata ukiuona mzuri. Kila kitu kingine nunua okazyoni, mlango, kioo, kiti, lakini huo nunua mpya, na ukunje kidogo kwa vidole: mpira mzuri unarudi, uliokaa dukani miaka unaacha mstari. Pamoja nao badilisha na galee, ile puli ndogo inayoukaza, na sili za mafuta zilizo nyuma yake, maana mafuta yakiuvujia mpira yanaula. Utaona ni kuongeza gharama. Apana. Kinachokula pesa ni kufungua na kufunga, na ukifungua mara moja umelipa mara moja. Kwa magari madogo mengi pompa ya maji nayo imo humo humo, ibadilishe siku hiyo hiyo. Na usiwe na haraka ya kumwondoa fundi. Fanya kazi yako iwe ya asubuhi, kabla hajachoka, ukae naye, umnunulie chai.

Nimeandika usiwe na haraka. Mkono umesimama hapo kidogo.

Leo asubuhi ndiyo wakaufunga. Kabla hajautoa ule wa zamani, mzee alitia alama nyeupe kwenye puli zote kwa korektori ya wanafunzi, ile ya kufutia kalamu, ili kila jino lirudi mahali pake. Akaufunga mpya, akaukaza. Halafu, kabla ya kugusa ufunguo, akaizungusha injini kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili, akisikiliza. Alisema fundi asiyezungusha kwa mkono kwanza, mfukuze. Kama kuna kosa, mkono unakataa taratibu. Ufunguo hukataa kwa kuvunja.

Ikawaka. Sauti nzuri, ya chini. Nikasema alhamdulillahi, na nikashangaa kwamba mwili wangu hauamini.

Mzee akanipa mkanda wa zamani mkononi. Wa kweli safari hii. Uko hapa mezani ninapoandika, karibu na kikombe. Nimemkataza Mama Zuhura asiuguse.

Wakati narudi nyumbani, gari tupu, nikakitazama kile kiti cha mbele. Ndipo ikanijia.

Saidi hajawahi kukaa pale.

Nikapunguza mwendo. Nikatafuta kichwani, safari baada ya safari. Tulipomzika shangazi yetu Muramvya, Saidi alikuja na pikipiki kwenye mvua, akafika amelowa mpaka mifupani, tukamcheka msibani. Siku ya Idi tulipokwenda Gitega, alisema ana kizunguzungu. Mara nyingine mkewe ana homa, mara nyingine watoto wake wana mtihani. Mtoto wa Saidi hata mmoja hajawahi kupanda mlima na mimi. Miaka minane. Tulikuwa tunasema ndani ya gari, huyu Saidi tangu aache ufundi amekuwa mtu wa kudeka.

Lakini aliyekuwa anampakia mama garini ni yeye. Hilo nalikumbuka vizuri. Alikuwa anakuja alfajiri, anamshika mama mkono, anampandisha taratibu, anamkalisha kiti cha mbele, anamwekea kitenge magotini. Kisha anafunga mlango kwa mikono miwili, na anabaki amesimama barabarani mpaka tunapinda kona.

Nilidhani ni mapenzi. Na labda yalikuwa mapenzi. Hiyo ndiyo sehemu inayonitia baridi.

Sikufika nyumbani. Nikaenda Bwiza, mtaa wa pili, kwenye duka lake. Aliacha ufundi mwaka ule ule wa taa, sasa anauza vifuniko vya simu na chaja. Mziki wa baa ya jirani ulikuwa juu, tunasemezana kwa kuinamiana. Njiani nilikuwa nimeapa kumshika shati. Nilipomwona anapanga vifuniko vyake kwa rangi, mabega yamemshuka, nikabadilisha nia. Nikaamua kusema jambo moja tu.

"Saidi. Jumamosi kiti cha mbele ni chako. Wewe ndiye baba mdogo wa bi harusi."

Akaendelea kupanga. "Kaka, mi nitakuja na basi kubwa. Mugongo unanisumbua."

"Basi kubwa litafika nikaha imekwisha. Utapanda na mimi. Wewe na mama."

Akashika kifuniko kimoja, cha buluu, akakigeuza, akakigeuza tena. Akaniuliza bila kuniangalia:

"Kuruwa umeibadilisha?"

Sikuwa nimemwambia lolote. Si la taa, si la Mzee Hamisi, si la kuku. Hakuna mtu Bwiza aliyejua.

Nikamjibu ndiyo, leo asubuhi.

Akatoa pumzi ndefu sana, kama mtu aliyetua gunia alilopandisha mlima, akaketi juu ya kreti la soda. Uso ukamlegea. Akasema, "Basi nitapanda." Akarudia, kama mtoto aliyeruhusiwa: "Basi nitapanda mbele, kaka."

Nilitaka kumpiga. Allah ni shahidi wangu, mkono ulinyanyuka. Nikauliza tu kwa nini.

Akanieleza kwa maneno machache, macho chini. Wiki ile kipuri hakikuwepo mji mzima. Nilipopita garaji aliniambia, na mimi nilikuwa nimeahidi gari kwa harusi ya watu wakubwa. Nikamwambia, mbele ya wenzake wa garaji, kesho asubuhi gari iwe mlangoni kwangu, sitaki hadithi za kipuri, kama ufundi umekushinda ukauze karanga. Akazima taa. Akaokota mkanda kwenye takataka za garaji, akaufunga gazeti. Alifikiri ni kwa wiki mbili tu, kipuri kikifika ataubadilisha kimya kimya. Kilipofika, mimi nilikuwa safarini. Kisha ukapita mwezi. Kisha akaona ameshachelewa kusema, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Nayakumbuka maneno yangu yale ya karanga. Nilikuwa nimeyasahau miaka minane, na leo nimeyasikia kwa sauti yangu mwenyewe. Waliokuwepo walicheka siku ile pia.

"Na ulikuwa unamupandisha mama," nikamwambia. Kiswahili cha nyumbani kilinitoka chote.

"Kila swala nilikuwa naomba, kaka. Kila swala."

"Ulikuwa unaomba nini?"

"Ikatike siku gari iko kwa foleni ya mazutu. Ikatike imesimama."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka hapa. Nimeyageuza kama yeye alivyokigeuza kile kifuniko. Ndugu wawili, mama mmoja, gari moja. Mmoja anabandika dua juu ya taa, mwingine anaomba kila swala injini ivunjike mahali pazuri. Na kati yetu kulikuwa na jambo la asubuhi moja, spana na kipuri, ambalo wala hatukuhitaji kuliomba. Tulihitaji kulisema.

Sijui nani kati yetu ana dhambi kubwa. Nimejaribu kupima, kila nikipima nafika kwenye yale maneno ya karanga.

Kabla sijaondoka Saidi alinishika mkono. Aliomba kitu kimoja: mama asijue. Ni mzee, ataumia, na ni wiki ya furaha. Nikamkubalia. Nilimkubalia haraka, na nikaona nimefanya huruma, nikapanda gari nikaja zangu.

Sasa nimekaa hapa barazani. Zuhura yuko ndani na shangazi zake, wanacheka, wanampaka hina. Jogoo wa wakwe hajapatikana. Wingu lile sasa limevuka ziwa, naona mvua imeanza kutembea juu ya maji, kijivu, inakuja upande wetu. Jumamosi mlima utakuwa na utelezi.

Stika yangu ya dua nimeiokota, nimeipangusa vumbi. Nimetafuta mahali pa kuibandika ambapo hakuna taa, nikaiweka juu ya mlango, upande wangu. Nikarudi kuketi. Na hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini Bwiza.

Nimebandika stika nyingine. Hii nimeibandika juu ya mama.

Yule ndiye aliyekaa juu ya mkanda ule miaka minane, miguu yake imepata joto la injini ile, akivuta tasbihi yake na kutuombea sote wawili. Ana haki ya kujua alikuwa amekaa juu ya nini. Na ana haki ya kuamua mwenyewe, kwa akili yake, kama Jumamosi atapanda na wanawe hawa au la.

Ukurasa huu sitauweka hewani leo. Zuhura atausoma akiwa mke wa mtu.

Saidi nimempigia simu sasa hivi, mvua ikianza kupiga bati. Nimemwambia kesho baada ya swala ya Ijumaa asiende dukani, aje moja kwa moja kwa mama, na mimi nitakuwa pale, na mikanda yote miwili, wa kweli na wa kuku.  Nilisikia tu mziki wa ile baa, kisha ukazimwa, labda kwa sababu ya mvua.

Bado yuko kwenye laini. Nasikia anapumua.

Nimemwambia, njoo, mdogo wangu. Mi ndiye nitaanza kusema.